Nyumba ya marehemu mzee Uyole tunataka iwe hosteli ya ghorofa. Msingi wa 1987 utabeba?

Mwana_Uyole #1
Wakuu habari za jioni. Naomba akili zenu kabla sijapoteza hela.

Mzee ametuachia nyumba Uyole, Mbeya, si mbali na barabara kuu. Aliijenga 1987: tofali za kuchoma, msingi wa mawe, juu bati. Mita 12 kwa 10, vyumba vitano na sebule. Haijawahi kutusumbua. Ndugu tumekaa, tumekubaliana tuigeuze hosteli, maana vyuo viko hapo hapo na vijana wanahangaika na vyumba. Chini panabaki kama palivyo, juu tunamwaga slabu na kupandisha vyumba vingine sita, halafu tangi la lita 10,000 juu kabisa.

Fundi wetu anasema ni kazi ndogo: achimbe kandokando ya msingi wa zamani, asuke nondo, amwage zege liukumbatie ule msingi pande zote mbili, basi. Anataka milioni nne za kuanzia. Mdogo wangu anasema tubomoe tuanze upya. Mimi kubomoa nyumba ya baba mkono hauniendi.

Msingi wa namna hii unaongezwa nguvu ukabeba ghorofa, au tunadanganywa? Aliyewahi kufanya aseme.

Loleza_Baridi #2
Uzi wa ujenzi bila picha! Tupia picha mkuu, tusije tukashauri banda la kuku.

Sululu #3
Fundi wako hajakosea sana. Kazi hii nimeanza nikiwa saidia fundi, naijua. Wazee wa miaka ile walikuwa wanachimba mpaka wakute udongo mgumu, hawakuwa na haraka ya hela kama nyie. Nimefungua misingi ya Mwanjelwa ya zamani, mawe yamelala kama yamepangwa jana. Ukikumbatia na zege na nondo za milimita 12, ringi kila sentimita 20, hiyo nyumba itabeba.

Ila hiyo milioni nne ya kuanzia ni ya nini wakati hajachimba hata shimo moja?

Mhandisi_wa_Jioni #4
Ngojeni kwanza. Hesabu ya haraka, ya kwenye karatasi ya sigara.

Nyumba ya sasa: ukuta wa tofali za kuchoma wenye unene wa sentimita 23 na kimo cha mita 3 una uzito wa kama tani 1.2 kwa kila mita ya urefu. Ongeza mawe ya msingi, inakuja karibu tani 2. Bati halina uzito wa kutisha. Kama msingi una upana wa sentimita 45, udongo unabeba kama tani 4 kwa mita ya mraba. Ndiyo maana haijawasumbua. Mzigo ni mdogo.

Sasa mwaga slabu ya sentimita 15. Zege lina tani 2.4 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila mita ya mraba ni kilo 360 kabla hujaweka tailizi, kitanda wala mwanafunzi. Kwa nyumba yako yote ni tani 43 za slabu tupu. Weka kuta za juu, watu, paa. Ukuta wa katikati unaopokea slabu kutoka pande mbili utafika tani 5 na ushee kwa mita. Gawa kwa ule upana wa sentimita 45: karibu tani 12 kwa mita ya mraba. Umeuzidishia udongo ule ule mzigo mara tatu. Na tangi lako ni tani 10 nyingine zimesimama sehemu moja.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza msingi ni mzuri, uliza udongo wa Uyole unasemaje.

Ngosi #5
Udongo wa Uyole unasema "nimwagie maji uone".

Jamani sisi tumekaa juu ya majivu ya volkano. Chimba popote kuanzia Uyole kupanda kuelekea Rungwe utakuta yale mawe mepesi meupe yanayoelea kwenye ndoo, yale ya kusugulia visigino. Yakiwa makavu unachimba choo futi 30 na ukuta unasimama wima bila kumomonyoka. Yakilowa yanakaa chini ghafla. Hayana ile tabia ya mfinyanzi ya kuvimba na kusinyaa, yenyewe yanaporomoka tu kwa ndani kama mkate uliochovya kwenye chai.

Swali langu kwa mleta uzi: bafu la nje linamwaga wapi maji?

Mwana_Uyole #6
@Ngosi bafu la nje halipo tena, tuliweka vyoo vya ndani 2009. Shimo la maji machafu liko nyuma, kama mita 3 kutoka ukuta wa chumba cha kona.

@Loleza_Baridi picha nitaweka kesho, simu yangu hii kamera imepasuka.

Halafu kuna jambo sikulisema. Chumba hicho cha kona kina ufa. Unaanzia kona ya dirisha unashuka kimshazari mpaka chini. Ila ni wa zamani.

Loleza_Baridi #7
"Haijawahi kutusumbua."

Timazi #8
😂😂 Mleta uzi anatoa ushahidi kwa awamu kama kesi ya ng'ombe. Ufa unaingia nini, kucha au kidole?

Mwana_Uyole #9
Sarafu ya mia mbili inaingia kwa juu. Chini haiingii.

Ngosi #10
Kesi imekwisha. Maji ya shimo yamelowesha majivu chini ya kona, kona imeshuka. Hamisha shimo kwanza, mengine baadaye.

Mama_Chai_Tukuyu #11
Msikimbilie shimo. Mwanangu @Mwana_Uyole, kuna miti karibu? Kwetu Tukuyu mvua ni nyingi, inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba zilizo juu ya majivu hayo hayo zinasimama tangu wakati wa wamisheni. Kama ni kulowa tu, sisi tungeshalala nje. Lakini jirani yangu alipanda milingoti (mikaratusi) mitano kando ya ukuta, baada ya miaka minane ukuta ulifunguka kama kitabu. Ile miti inakunywa.

Mwana_Uyole #12
Shikamoo mama. Ipo. Mitatu, kwenye mpaka wa jirani, upande huo huo wa kona.

Loleza_Baridi #13
Awamu ya tatu ya ushahidi hiyo. Kesho atatuambia chini kuna mto.

Mhandisi_wa_Jioni #14
@Mama_Chai_Tukuyu shikamoo. Mlingoti unaleta shida hasa kwenye mfinyanzi, maana mfinyanzi ukinyonywa maji unasinyaa. Majivu hayasinyai hivyo. Lakini mizizi ikishaingia kwenye msingi wa mawe ni habari nyingine, inasukuma jiwe kama jeki. Na nyumba zenu za wamisheni zina misingi mipana, paa linalotokeza nje ya ukuta na mitaro ya mawe. Wale walijua maji ya bati yakidondokea chini ya ukuta miaka 50 ni sawa na kuchimba.

@Mwana_Uyole nyumba ina gata?

Mwana_Uyole #15
Ilikuwa nayo.

Dogo_Iyunga #16
Mimi nasoma ujenzi hapa Iyunga, naomba niongeze kidogo. Mmesahau tetemeko. Mbeya iko pale mabonde ya ufa yanapokutana: la Rukwa, la Nyasa na la Usangu. Nyumba ya tofali za kuchoma isiyo na mkanda wa zege wa chini wala wa juu ikitikiswa inapasuka kwenye kona za madirisha kimshazari, vile vile alivyoeleza. Tetemeko kubwa kuliko yote nchini lilikuwa la Kagera 2016, lakini hata sisi tumo.

Karani_Mstaafu #17
Kijana, la Kagera la Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Kubwa zaidi ni la Rukwa, Desemba 13, 1910, ukubwa wa 7.4, na Rukwa si mbali na hapo ulipokaa. Kingine, mwishoni mwa 2009 Karonga, Malawi, ilitikisika wiki kadhaa, ng'ambo tu ya Kyela. Mengine uko sahihi.

Dogo_Iyunga #18
Asante mzee, nimerekebishika.

Sululu #19
Matetemeko, miti, majivu... Mnasahau kilicho mbele ya macho. Barabara ya njia nne ya kutoka Nsalaga hadi Ifisi inajengwa. Shindilia linapita, kikombe kinacheza mezani. Nyumba zote za kandokando zimepata nyufa. Si kosa la msingi.

Mwana_Uyole #20
@Sululu ufa ulikuwepo kabla ya ujenzi wa barabara. Mama alikuwa anaufukia kwa plasta kila Krismasi.

Timazi #21
Kila Krismasi! Ufa unaofukiwa kila mwaka unatembea huo, hauwezi kuitwa wa zamani.

Mnyalu_Halisi #22
Kamwene wote. Naona mmezama kwenye ufa, mleta uzi aliuliza habari ya kukumbatia msingi. Nieleze yaliyonipata Iringa.

Nilinunua ghala la zamani maeneo ya Kihesa nikataka kuligeuza ukumbi wa sherehe wenye jukwaa na roshani. Fundi akasema maneno hayo hayo: tukumbatie. Tukachimba pande mbili, tukamwaga zege zuri, nondo za kutosha. Miezi saba baadaye roshani imekamilika, watu wamecheza harusi mbili, sakafu karibu na ukuta ikaanza kuachia. Tulipofukua tukakuta zege letu jipya limekaa palepale tulipolimwaga, zima, linang'aa, na msingi wa zamani umeteleza chini katikati yake kwa sentimita moja na nusu. Yaani tulimvalisha mgonjwa koti. Hakuna kilichounganisha ukuta na lile zege isipokuwa imani.

Mhandisi niliyemuita baada ya hasara akatoboa ukuta kila baada ya mita moja hivi, akapitisha mihimili mifupi ya zege yenye nondo kutoka upande mmoja hadi wa pili, chini kabisa ya ukuta. Ndipo ukuta ukakalia lile zege. Alitoboa kwa zamu: kimoja hapa, kingine mita tatu mbele, anarudi baadaye. Ilinigharimu mara mbili ya kazi ya kwanza. Na Iringa tuna bahati, ukichimba kidogo unakutana na mwamba.

Mhandisi_wa_Jioni #23
Mnyalu umeokoa uzi. Koti! Hilo neno nitalitumia kazini.

Njia nyingine ni kutia msingi mpya chini ya ule wa zamani. Unagawa urefu wa ukuta vipande vya mita 1 hadi 1.2, unavipa namba 1 hadi 5 halafu unarudia. Unachimba namba 1 zote tu, chini ya msingi, mpaka udongo mgumu. Unamwaga zege lakini hulifikishi juu. Unaacha uwazi wa sentimita 5 hadi 7 hivi. Zege likishakaza unajaza ule uwazi kwa saruji na mchanga wenye unyevu kidogo tu, wa kushika ukiufinya, na unaushindilia kwa kipande cha mbao na nyundo mpaka ugome. Ukimwaga zege la maji mpaka juu, likikauka linasinyaa, linaacha mwanya, na ukuta unashuka kuufuata. Baada ya hapo ndipo unaenda kipande kingine, kisichopakana na ulichotoka. Kazi ya wiki, haitaki haraka.

Kamwe usichimbe ukuta mzima kwa mpigo. Mnakumbuka ajali ya ghorofa kuporomoka Kariakoo.

Loleza_Baridi #24
Ile ya 2023?

Karani_Mstaafu #25
Novemba 16, 2024. Jumamosi asubuhi. Watu zaidi ya 25 walikufa, na taarifa za siku zile zilisema kulikuwa na kazi ya kuchimba chini ya jengo. Jengo lilikuwa na watu na biashara ndani.

Na kwa kuwa nimeshaingia: mleta uzi, kibali unacho? Nyumba ya kuishi kuwa hosteli ni kubadili matumizi, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inahusika, unapeleka maombi halmashauri ya jiji kabla ya kushika sululu. Ghorofa linataka michoro ya mbunifu na mhandisi waliosajiliwa kwenye bodi zao. Miaka niliyokaa dirishani niliona watu wengi wakija na picha ya nyumba iliyokwisha kupigwa alama nyekundu ya X, wakisema "sikujua".

Mwana_Uyole #26
Kibali bado. Nilidhani kwa kuwa nyumba ipo tayari...

Timazi #27
Awamu ya nne.

Binti_Makambako #28
Kaka achana na ghorofa. Ifanye stoo ya mahindi. Hakuna slabu, hakuna tangi, hakuna wanafunzi wa kukuzimia simu mwisho wa mwezi. Unanunua Juni, unauza Januari. Nyumba inabaki kama baba alivyoiacha.

Mhandisi_wa_Jioni #29
Dada Binti, hapo umeongeza mzigo kuliko ghorofa lenyewe. Sakafu ya nyumba ya kuishi inahesabiwa kubeba kilo 150 hivi kwa mita ya mraba. Panga magunia ya mahindi mpaka mita 2.5 juu, kila mita ya mraba inabeba tani moja na nusu au zaidi. Mara kumi. Na magunia yakiegemea ukuta yanausukuma nje.

Binti_Makambako #30
Yangu nimepanga hivyo miaka sita na sakafu haijasema kitu.

Mhandisi_wa_Jioni #31
Jamvi lako, yaani zege la sakafu, limekaa juu ya udongo, siyo? Basi mzigo unaenda moja kwa moja ardhini, hauchoshi kuta. Hilo nakupa. Ila usiyaegemeze.

Binti_Makambako #32
Nakupa na mimi. Sasa bei ya gunia mnaionaje huko Mbeya?

Timazi #33
Uzi wa msingi huu dada, bei ya mahindi ina uzi wake 😂

Mwana_Uyole #34
Wakuu nimerudi. Jumamosi nilichimba mashimo mawili kama mlivyosema, moja kona ya ufa, jingine kona ya mbele ambako hakuna ufa. Picha zimegoma kupanda, nitaeleza.

Kona ya mbele: msingi unashuka sentimita 70. Kwa nje mawe yamejazwa saruji safi kabisa, nikafurahi. Nikachukua bisibisi ndefu nikaisukuma kwenye kiungo. Saruji ilikuwa nene kama kidole kimoja. Nyuma yake bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini, bila nguvu, ikatoka na udongo mwekundu na kamzizi. Yaani saruji ni ya kuziba uso tu, ndani mawe yamekaliana kwa tope.

Nilimpigia shangazi, yeye ndiye alikuwa anapika wakati wa ujenzi. Akacheka. Akasema mwaka ule saruji ilikuwa haionekani, baba alipata mifuko sita kwa kujuana na mtu, akaitumia nje "ili watu waone".

Kona ya ufa: msingi sentimita 70 vile vile. Lakini chini yake sikukuta majivu meupe. Nilikuta udongo laini mweusi wenye mkaa, vipande vya tofali mbichi na kandambili ya mtoto. Shangazi anasema hapo ndipo walipochimba udongo wa kufyatulia tofali za nyumba, kisha wakafukia.

Loleza_Baridi #35
Nilisema mto. Nilikosea kidogo tu.

Hiyo kandambili ya nani?

Mwana_Uyole #36
Shangazi anasema yangu.

Ngosi #37
Duh. Basi narudisha nusu ya kesi yangu. Nusu tu, maana kifusi kikilowa na maji ya shimo la choo kinashuka kuliko majivu.

Mama_Chai_Tukuyu #38
Na kamzizi kalikotoka kwenye bisibisi kalikuwa ka mti gani?

Sululu #39
Nimekaa kimya nasoma. Kama ndani ni tope, nafuta ushauri wa #3. Msingi wa tope huwezi kuukumbatia wala kuutobolea mihimili, ukiugusa mawe yanamwagika kama viazi. Hapo kuna mambo mawili: ama uupige uji wa saruji kwa mashine mpaka ujae ndani, ama uuache.

Mimi ningeuacha. Simamisha nguzo mpya za zege ndani ya nyumba, kila moja na kitako chake, mzigo wote wa juu ushuke kwenye nguzo. Kuta za mzee zibaki zinajibeba zenyewe kama pazia. Nguzo uzifunge na kuta kwa nondo ili vishikane.

Mhandisi_wa_Jioni #40
Mzee Sululu heshima yako, hapo umeshuka mahali pake. Ninapopinga ni hapo kwenye kufunga. Nyumba ya zamani imeshakaa, miaka karibu 40 imemaliza kushuka kwake. Nguzo mpya ndiyo kwanza zinaanza kukaa. Ukizifunga na ukuta, zikishuka sentimita moja zinaung'ang'ania ukuta na kuuvunja. Acha uwazi wa sentimita mbili tatu, ziba kwa kitu laini.

Dogo_Iyunga #41
Lakini mkuu, tetemeko likija ukuta usiofungwa popote, juu ya msingi wa tope, si unaangukia watoto wa watu kitandani?

Mhandisi_wa_Jioni #42
Swali zuri na limenikaba. Ndiyo, kwa tetemeko tunataka vifungwe, kwa kushuka tunataka viachane. Kuna vishikizo vinavyoruhusu ukuta ucheze juu-chini na kuuzuia usianguke kwa ubavu. Vinataka mchoro na mtu wa kuvisimamia. Kwa simu sivielezi.

Na vitako vipya visichimbwe chini kuliko ule msingi wa sentimita 70 vikiwa karibu nao. Ukishuka mita moja zaidi, kaa mbali walau mita moja, la sivyo unauibia ukuta udongo wake. Sasa chumba chenye upana wa mita 3 ukiweka vitako mbali na ukuta kila upande, vinabanana katikati. Pima kwanza vyumba vyako.

Sululu #43
Nimefunga nguzo na kuta za zamani mara nyingi, hakuna aliyenirudia kulalamika.

Timazi #44
Hawakuweza kukurudia au hawakutaka? 😂 Natania mzee.

Mnyalu_Halisi #45
Boma letu hapa Iringa walijenga Wajerumani, likawa ofisi za serikali miaka na miaka, leo ni makumbusho. Limebadili matumizi na watu hawakulipandishia ghorofa. Mleta uzi jifunze hapo: badili matumizi, usibadili mzigo. Vyumba vitano na sebule kwa chini ni wanafunzi 12 vitanda vya juu na chini.

Karani_Mstaafu #46
Ingawa ikishindikana kabisa, wenzetu walifika mbali. Kanisa kuu la Winchester, Uingereza, lilikuwa linazama kwenye tope. Kuanzia 1906 hadi 1911 mzamiaji mmoja, William Walker, alishuka kila siku kwenye maji meusi chini ya kuta, akaweka mifuko ya zege kwa kupapasa kwa mikono. Kanisa bado limesimama.

Loleza_Baridi #47
Mleta uzi unaona? Nunua miwani ya kuogelea, ushuke kuifuata kandambili.

Mwana_Uyole #48
😂 Mdogo wangu amesoma uzi wote, amesema tu "si nilisema". Fundi nilimwonyesha bisibisi, akasema mafundi wa mtandaoni hawajawahi kushika mwiko. Hela sijampa.

@Mhandisi_wa_Jioni kabla sijaita mtu wa kupima udongo, huo ufa nitajuaje kama unatembea bado au umesimama?

Mhandisi_wa_Jioni #49
Chukua vipande vyembamba vya kioo, fundi wa madirisha atakupa mabaki bure. Kwangua plasta pande zote za ufa mpaka tofali, bandika kioo kikivuka ufa kwa vidonge viwili vya saruji, andika tarehe juu yake. Weka viwili kwenye ufa, na kimoja ukuta mwingine wowote wenye kaufa kembamba, cha kulinganisha. Kioo hakinyumbuliki. Ufa ukicheza kinakatika. Usiviguse mvua zote, Novemba mpaka Aprili. Na rudisha gata leo hii, hiyo haisubiri mhandisi.

Mwana_Uyole #50
Asante mkuu. Nafanya wikiendi hii.

Ngosi #51
Na shimo?

Mwana_Uyole #52
Na shimo nahamisha. Milingoti ni ya jirani, tunazungumza. Anataka kulipwa.

Mama_Chai_Tukuyu #53
Mlipe.

Mwana_Uyole #54
Wakuu nafufua uzi. Imepita miezi miwili na siku kadhaa, mvua zimeanza vizuri, juzi ilipiga usiku kucha. Gata zipo, shimo jipya liko chini ya shamba, jirani amekata mti mmoja, mingine bei bado.

Asubuhi nimezunguka na tochi. Vioo viwili vya chumba cha kona vyote vizima, hata mstari havina. Kilichokatika ni kile cha sebuleni, cha kulinganisha, kwenye kaufa ambako sarafu haiingii hata kwa ukingo. Kimekatika katikati, kwa mstari ulionyooka kabisa, vipande vyote viwili bado vimeshikwa na saruji.

Timazi #55
Una watoto hapo? Mpira?

Mwana_Uyole #56
Nyumba haina mtu tangu Agosti. Funguo ninazo mimi.

Sululu #57
Shindilia la barabara lilipita lini?

Ngosi #58
Sebule iko upande gani wa shimo JIPYA?

Mhandisi_wa_Jioni #59
Usiguse kitu. Piga picha na rula pembeni, andika tarehe, bandika kingine juu yake kidogo. Halafu chimba pale sebuleni, kwa nje, uone chini kuna nini.

Mwana_Uyole #60
Shangazi nimempigia. Anasema sebuleni hakumbuki, siku hizo alikuwa ameenda Kyela kwa msiba.